Stika Zote Upande Mmoja

Mambo haya nilielezwa na Philister, mke wa Naftali, Januari hii iliyopita, siku gari lake lilipokataa kuwaka mbele ya kanisa. Tulikaa ndani tumejifunika blanketi moja, tukimngoja Naftali atoke kazini Eagan aje na nyaya za betri. Mimi sikuwa na haraka, naye hakuwa na pa kwenda, akaniambia yote.

Kerubo, ambaye wengi tunamwita Mama Davis, ndiye aliyeanza kulima kile kiwanja cha kando ya reli. Alikuja huku Amerika baada ya mumewe kufariki. Mwanawe Davis alimfanyia makaratasi, akampa chumba cha pili katika nyumba ya kupanga Brooklyn Park. Mwaka wa kwanza wote alikaa dirishani. Davis yuko bohari Eagan, mkewe Kendi yuko shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na Kerubo yuko na televisheni inayosema maneno asiyoyajua. Mwanamke aliyekuwa akiamka gizani Nyamira akakame ng'ombe, sasa anaogopa hata kutoka mlangoni, kwa sababu milango ya huku hujifunga yenyewe ikakuacha nje na kandambili.

Basi siku moja ya Mei akaweka kiatu katikati ya mlango usijifunge, akatoka. Akafuata reli. Huko mbele akakuta kiwanja kipana, nyasi tupu, hakuna nyumba, hakuna uzio, hakuna mtu wa kumuuliza unatafuta nini. Wewe mtu ametoka Kisii, ambako mashamba yamekatwa vipande hata ukipiga chafya jirani anakujibu akiwa kitandani kwake, halafu unamwonyesha ardhi imelala bure! Kesho yake alirudi na jembe fupi la duka na mbegu za chinsaga alizokuja nazo zimeshonewa kwenye upindo wa leso.

Chinsaga ni mboga ya majani, wengine wanaiita mgagani. Ni chungu. Wakisii wanaichemsha, wanamwaga maji, wanaitia maziwa na kuiacha mpaka siku ya pili ndipo inalika. Kwao mama aliyejifungua asipoila, hata umpe nyama ya ng'ombe mzima, watasema hajalishwa. Inarudisha damu, inaleta maziwa. Kerubo alilishwa na mama yake, naye aliwalisha wadogo zake wote.

Mwaka wa tatu hapakuwa na Mkenya aliyejifungua upande ule asiyeletewa sufuria ya Mama Davis. Wanawake walianza kumfuata kiwanjani na vijembe vyao, kila mmoja akapewa mstari. Waluhya walileta mbegu zao, Waluo zao, ikawa kelele na vicheko kila jioni ya kiangazi mpaka treni ya mizigo ikipita dereva anapiga honi kuwasalimu. Mtu aliyekuwa wa dirishani akawa mtu wa kutafutwa. Simu inalia: "Mama Davis, binti yangu ametoka hospitali." Naye anajibu, "Nakuja." Hilo neno moja ndilo lililomfanya aone kwamba hakuja Amerika kufia kwenye kochi la mwanawe.

Udongo wenyewe ulikuwa na mambo yake. Ukichimba unapata vipande vya vioo, vipande vyeusi vigumu kama mpira uliokauka, vyuma. Walivitupa kando. Kulikuwa na pembe moja ambayo hata magugu hayakuota. Kerubo alipaacha, kama unavyomwacha jirani asiyeitikia salamu.

Kisha Kendi akajifungua mtoto wa kike, akapewa jina la mama yake Kerubo, Kemunto. Kerubo alipika usiku na mchana. Kendi ni mtu wa Meru, na chinsaga ilimshinda.

"Mum, hii kitu ni chungu kushinda dawa."

"Kwenu mnatafuna miraa mpaka asubuhi, leo unaniambia hii ni chungu? Meza."

"Si mimi hutafuna, Mum, ni wajomba!"

"Basi meza kwa niaba ya wajomba."

Kendi alimeza huku akicheka na machozi yanamtoka. Alimpenda mama mkwe wake, usifikiri hakumpenda.

Mtoto alipofika miezi mitatu, akaja kanisani kijana mmoja, Dominic Muriuki. Anasoma chuo kikuu hapa, mambo ya kuchora miji, na alikuwa ameajiriwa na ofisi iliyokabidhiwa kile kiwanja. Kijana mzuri, ana adabu, anashika mkono wa mtu mzima kwa mikono miwili. Alisema ofisi inataka kukitengeneza kiwanja, na safari hii hawataki kuamua wao juu ya vichwa vya watu. Wanataka wenyeji wabuni wenyewe. Waje wakae na wachoraji, waseme wanataka nini. Akatoa kompyuta yake bapa akawaonyesha picha mbili.

Ya kwanza ilikuwa shimo. Matingatinga, malori, uzio, miaka kadhaa ya kuchimba na kujaza, na mwisho wake nyasi. Hapakuwa na mtu hata mmoja ndani ya picha.

Ya pili ilikuwa bustani. Ardhi inafunikwa kwa kifuniko kizito, juu yake unamwagwa udongo mpya, juu ya udongo yanapangwa maboksi ya mbao yenye mboga. Kuna mabenchi, kuna watoto, na kando ya boksi moja wamemchora mwanamke amefunga kitambaa kichwani, ameinama.

"Shosho, huyu si ni wewe kabisa?" Dominic akamwambia Kerubo, kama anayemwita nyanya yake.

"Huyu ni mwembamba," Kerubo akasema, na watu wakacheka, lakini alikuwa amefurahi. Akauliza, "Kwa nini wanataka kufunika?"

"Palikuwa na kiwanda zamani. Kuna mabaki ya kazi yao ndani ya udongo. Lazima yafunikwe ama yatolewe, ndiyo sheria."

Kerubo aliviona vile vioo na vyuma kichwani mwake, akaridhika. Hakuuliza zaidi. Angewezaje kutaka shimo? Wakizungushia uzio miaka yote hiyo atalima wapi? Nani atampigia simu?

Kijana alipoondoka, Kerubo alisimama kwenye chakula cha baada ya ibada akasema na waumini kama anayepanga watu wa posa. Na hapa ndipo yalipoharibikia. Sisi tukienda posa, mambo yote tunayamaliza nyumbani. Tukishafika kwa wenyewe, msemaji ni mmoja. Hata ukiona anakosea, unameza, unasubiri mrudi kwenu. Kumkosoa msemaji mbele ya wenyeji ni kuvua watu wako nguo. Harambee tunafanya hivyo, matanga tunafanya hivyo.

"Jumapili twende wote," Kerubo alisema. "Nasikia mtu anapewa stika za kijani abandike kwenye picha anayoitaka. Msizitawanye. Wazungu wakiona tumegawanyika watafanya wanavyotaka wao. Zote kwenye bustani. Na msemaji ni mimi."

Nani angekataa? Nusu ya wanawake mle ndani walikuwa wamekula sufuria yake kitandani.

Jumapili wakajaa kwenye ukumbi wa shule moja. Kiongozi wa wachoraji alikuwa mzungu anaitwa Timothy, mpole, soksi na sandali, anamwangalia kila mtu machoni. Kwanza aliwagawia udongo wa rangi wa kuchezea watoto, akasema kila mtu afinyange kitu anachokipenda mahali pale. Hakuna jibu baya, akasema.

"Nimeacha watoto nyumbani nije kucheza vitu vyao," Naftali akanong'ona. Akafinyanga ng'ombe. Timothy akaja akamtazama sana yule ng'ombe, akauliza kama jamii ingependa mifugo. Naftali akajibu bila kucheka kwamba jamii ingependa, lakini mwenye nyumba ya kupanga atasemaje? Meza nzima ikaangua kicheko. Ilikuwa siku nzuri. Walikuja na chapati na thermosi za chai, wachoraji wakala mpaka wakasahau sandwichi zao.

Wakati wa stika ulipofika, Kendi alikuwa amesimama mbele ya ubao wa shimo, mtoto mgongoni. Alikuwa anausoma. Akainua mkono.

"Samahani. Hii inasema mabaki ya kiwanda. Kiwanda cha nini? Kuna nini exactly kwenye hiyo soil?"

Aliuliza kwa Kiswahili, kwa sababu wenzake walikuwa wanasikiliza. Dominic alifungua mdomo amjibu. Lakini Kerubo alikuwa kando yake tayari. Alimshika mkono juu ya kiwiko na kumfinya, kidogo tu, kama unavyomfinya mtoto kanisani.

"Tusiaibishane mbele ya wageni," akamwambia chini kwa chini. "Tutaongea nyumbani."

Kendi alimtazama. Mkaza mwana wa watu, amezungukwa na wakwe, kila mtu ameshika stika yake anangoja. Alimeza. Akasogea, akabandika ya kwake kwenye bustani. Wote wakabandika, wanacheka, wanasukumana, mpaka yule mwanamke aliyechorwa ameinama akafunikwa kabisa na kijani. Ubao wa shimo ulibaki mweupe vilevile ulivyokuja. Timothy alipiga makofi. Akamwomba Kerubo abandike ya mwisho, mpiga picha akapiga.

Nyumbani hawakuongea. Kendi aliingia kazini jioni ile, na kesho yake kulikuwa na nguo za kufua.

Kiangazi kilichofuata Kemunto alitimiza mwaka, akapelekwa kliniki kama watoto wote wa huku, akatobolewa kidole damu ipimwe. Siku chache baadaye wakaitwa mtoto atolewe damu ya mkononi. Kisha nesi mmoja akaja mpaka nyumbani. Alikwaruza rangi ya madirisha, akapima maji ya bomba, akauliza masufuria yametoka wapi, viungo vya chai vimetoka wapi. Kila kitu kilikuwa sawa. Akauliza mtoto anakula nini. Kerubo mwenyewe, kwa fahari, alifungua friza akamwonyesha mifuko ya chinsaga aliyoikausha maji na kuigandisha, mmoja juu ya mwingine mpaka juu. Mtoto alianzishwa uji wa wimbi na mchuzi wa mboga hiyo. Mama yake aliila miezi yote aliyonyonyesha.

Nesi alichukua mfuko mmoja akaenda nao. Akauliza pia shamba liko wapi.

Jibu lilipokuja, Kendi alikuwa ametoka shifti, bado amevaa nguo za kazi. Aliweka simu mezani akaeleza pole pole, kwa sauti anayotumia na wagonjwa. Kile kiwanda kilikuwa kinavunja betri kuukuu na kuyeyusha madini yake. Walifanya hivyo miaka mingi, wakafunga, wakaondoka, leo hata jina lao hakuna anayelitumia. Madini ya risasi yamebaki kwenye udongo. Yanashika kwenye majani, kwenye vumbi, kwenye viatu, kwenye kucha. Mtu mzima yanamsumbua. Mtoto yanamwingia kwenye mifupa na kwenye ubongo unaokua, na yakishaingia humwambii daktari ayatoe kama mwiba.

"Kwa hiyo Kemunto atakuwaje?" Kerubo akauliza.

"Hakuna anayejua, Mum. Tutaona akikua. Akianza kuongea. Akianza shule."

Davis alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, hukujua."

"Sikuuliza," Kerubo akasema.

"Mimi niliuliza," Kendi akasema. Hakupandisha sauti. "Ulinifinya mkono, Mum."

Kisha akaenda kwenye friza, akafungua, akaanza kutoa mifuko. Imeganda, inagongana kama mawe. Alikuwa ameshika mfuko mkubwa wa takataka kwa mkono mmoja na unamponyoka. Kerubo aliinuka, akaenda akaushika ule mfuko kwa mikono yote miwili, akauacha wazi, Kendi akatia ndani mmoja mmoja mpaka friza ikabaki na barafu na samaki.

Philister anasema Kerubo hakulia. Alitaka kitu kimoja tu: udongo ule uchimbwe. Uondolewe wote, upelekwe huko zinakopelekwa sumu. Alisema asipoweza kuitoa iliyo ndani ya mtoto, basi atoe ile iliyobaki chini, kwa sababu pale pataletwa watoto wengine na mabenchi yamepangwa. Aliwaza kwamba ni jambo rahisi. Si waliambiwa wao ndio wanaobuni? Waliosema hivi, si wanaweza kusema vile?

Mkutano wa pili ulikuwa Agosti, ukumbi uleule. Philister ndiye aliyempeleka kwa gari. Wanawake wote wa mistari walikuwepo. Siku hiyo ilikuwa ya kuchagua rangi za mabenchi, na vibao vya rangi vilikuwa vimepangwa mezani kama vitambaa vya fundi cherehani. Kerubo hakukaa. Alisimama na Dominic akaja kando yake amtafsirie.

"Mwambie hivi. Stika zile nilizikusanya mimi. Niliwaambia watu waziweke upande mmoja, na mkaza mwana wangu alipouliza nilimnyamazisha. Sikujua udongo una nini. Sasa mjukuu wangu ana risasi kwenye damu. Kura ile haikuwa ya watu wengi, ilikuwa ya mtu mmoja mjinga. Ifuteni. Chimbeni."

Dominic alizungumza. Alimaliza upesi.

"Umeyasema yote?"

"Nimeyasema, shosho."

"Mbona yangu yalikuwa marefu?"

Timothy aliweka mkono kifuani. Alisema anasikitika sana kuhusu mtoto, na uso wake ulionyesha hivyo. Akachukua karatasi ndogo ya njano, akaandika, akaenda akaibandika kwenye karatasi kubwa iliyokuwa ukutani karibu na mlango.

"Pale pameandikwa nini?" Kerubo akauliza.

"Maegesho," Dominic akasema. "Ni pahali pa kuegesha mambo ya maana ambayo si ya mkutano wa leo."

"Na yanaondoka lini hapo?"

Dominic akamgeukia Timothy. Timothy aliendelea kusema, naye akaendelea kutafsiri. Kifuniko ni salama, wataalamu wamethibitisha. Pesa za kuchimba ziliombwa na kupewa kiwanja kingine ambako watu walizitaka. Na zaidi ya hayo, wao waliapa kutoamua juu ya vichwa vya watu. Jamii ilisema kwa sauti kubwa kuliko jamii yoyote waliyowahi kufanya nayo kazi. Hawawezi kutupa sauti za wengi kwa sababu ya sauti ya mmoja.

Kerubo akawageukia wenzake.

"Semeni basi. Nyinyi wote mlikula. Semeni."

Imaculata, ambaye alikuwa na mstari mrefu kuliko wote, aliinama akafunga kamba ya kiatu cha mtoto wake, akaifungua, akaifunga tena. Mwingine alishika kibao cha rangi ya bluu akakigeuza nyuma kana kwamba bei imeandikwa huko. Philister aliinuka akasema, "Ni kweli anachosema." Timothy akamshukuru pia. Karatasi ya njano ya pili ikabandikwa karibu na ya kwanza.

Walichagua bluu.

Huko nje kwenye magari Kerubo alimshika Imaculata mkoba.

"Umenyamaza kwa nini, Mama Heri?"

"Mama Davis, niache."

"Heri amepimwa?"

"Heri wangu yuko sawa." Imaculata alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Unataka nisimame pale niseme mtoto wangu ana sumu kichwani? Aingie shule watoto wenzake wamwite hivyo? Akishindwa hesabu moja tu, watasema ni ile mboga. Akitafuta mchumba watasema ni ile mboga. Wewe wako ameshajulikana. Wangu mwache."

"Kwa hiyo wafunike."

"Wafunike. Hata mimi nimefunika."

Akaingia garini. Tangu siku hiyo wakikutana kanisani wanasalimiana vizuri tu, bwana asifiwe, lakini hakuna anayekaa karibu na mwenzake.

Dominic alikuja mpaka dirishani mwa gari la Philister. Alitaka kusema kitu.

"Ulijua?" Kerubo akamuuliza.

"Nilijua ni risasi. Iliandikwa kwenye ubao, shosho, chini."

"Wewe uliona nawalisha watu."

"Nilidhani ofisi imewaambia. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaleta mkutanoni." Akashika ukingo wa kioo. "Hata mimi nimekula mboga yako."

"Basi nenda ukapimwe," Kerubo akasema, akapandisha kioo.

Kabla ya theluji matingatinga yalikuja. Hayakuchimba. Yalisawazisha mistari yote, chinsaga iliyochanua na kila kitu, yakatandika plastiki nyeusi nzito, yakamwaga changarawe na udongo. Kwenye uzio ilitundikwa picha kubwa, kubwa kama mlango wa gereji: Kerubo anacheka, kidole chake kiko kwenye stika ya mwisho. Davis alimsomea maneno ya chini. Jamii imechagua. Kerubo alimwomba awaandikie waiondoe. Walijibu vizuri sana kwamba itaondolewa bustani ikifunguliwa. Basi majira yote ya baridi, kila Kendi akienda na kurudi kazini, barabara ile ndiyo yake, alipita mbele ya mama mkwe wake anayecheka.

Unafikiri Kendi alimfukuza? Hakumfukuza. Angeweza vipi? Yeye yuko kazini usiku, Davis mchana, mtoto atakaa na nani? Kerubo aliomba arudi Nyamira, Davis akasema tutaona. Alibaki na kazi yake ileile ya kulea, ila chakula. Kendi alipika mwenyewe kabla ya shifti, akatia kwenye vikopo, akavipanga kwenye friji. "Mum, umpe hii tu." Kila siku neno hilohilo, bila hasira, na Kerubo anaitikia sawa. Alimlisha mjukuu wake kutoka kwenye vikopo vya mtu mwingine kama yaya aliyeajiriwa jana. Kemunto alikuwa na mwaka na nusu, anatembea, anapanda viti. Maneno hayakuwa yanakuja. Anaonyesha kidole anasema "ee". Watoto wengine nao huchelewa.

Bustani ilifunguliwa Juni. Dominic alileta ufunguo wa geti na kusema boksi la kwanza ni la Mama Davis, limeandikwa jina. Kerubo alikataa. Davis akamwambia achukue, watu wasiseme ana kinyongo. Akachukua. Udongo ulikuwa wa mifuko ya dukani, mwepesi kama majani ya chai, hauna harufu. Katikati ya kiwanja kulikuwa na bomba fupi la chuma lenye kufuli, na mara kwa mara alikuja bwana mmoja na gari jeupe, akafungua, akavuta maji ya chini kuyapima, akafunga, akaondoka bila kumsalimu mtu.

Alipanda mbegu zilizobaki. Chinsaga haikujua habari za mtu, iliota vizuri mno. Ofisi ilipima majani, ikampa jibu: safi. Alivuna sufuria nzima. Akachambua, akachemsha, akamwaga maji, akatia maziwa, akaiacha mpaka kesho yake kama inavyotakiwa.

Asubuhi, Davis akiwa ameshaenda Eagan, alimpigia simu wifi wa Imaculata ambaye alikuwa ametoka hospitali juzi na mtoto mchanga.

"Nikuletee?"

"Asante sana, Mama Davis. Tumeshakula."

"Ni ya boksi. Imepimwa."

"Ndiyo, tunajua. Ubarikiwe. Tumeshakula."

Kendi aliingia akavua viatu mlangoni, akasimama. Harufu ilikuwa imejaa nyumba. Sufuria iko juu ya meza, imefunikwa, sahani tatu kando yake.

"Ni ya boksi," Kerubo akasema.

"Najua, Mum. Davis aliniambia imepimwa."

"Ni safi."

"Najua ni safi."

Kemunto alikuja mbio kutoka chumbani, akapanda kiti, akanyoosha mkono kwenye sufuria. "Ee," akasema. Kendi aliushika ule mkono mdogo, akaurudisha taratibu, akambeba mtoto kiunoni. Kwa mkono mwingine akafungua friji akatoa kikopo cha maziwa ya mtindi na kijiko.

"Nimechoka, Mum. Nitakula nikiamka."

"Sawa, mama."

Wote wawili walijua hataila. Kendi alisimama pale kidogo zaidi, kama mtu anayetafuta funguo. Kisha akaingia chumbani na mtoto, akavuta mapazia mazito ya watu wa shifti ya usiku. Kijiko kiligonga kikopo mara kadhaa. Kemunto alinung'unika kidogo, akanyamaza. Baadaye Kendi akaanza kukoroma, ule mkoromo wake mwembamba wa mtu aliyesimama usiku kucha.

Kerubo alijipakulia. Maziwa hayakuwa yameuondoa uchungu, labda yalikuwa yale mepesi ya Davis, yasiyo na mafuta. Alikula sahani ya kwanza, akajipakulia ya pili. Alikula bila kukoma na bila kufurahia, mpaka akafika chini ya sufuria, akakwangua. Akaosha sufuria, akaosha sahani zote tatu, akazifuta, akazirudisha kabatini. Jua lilikuwa kali dirishani. Alijinyoosha kwenye kochi, akajifunika uso kwa leso, na akiwa ameshiba vile, akalala.